G1000 kwenye Caravan: vumbi la Seronera, chumvi ya Unguja

Kama Caravan yako, ile ndege ndogo ya Cessna ya injini moja, inatua Seronera, Serengeti, asubuhi na jioni inalala Unguja, usichague vifaa vya chumba cha rubani kwa uzuri wa skrini. Mimi ni fundi wa avioniki, yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege, na Garmin G1000, mtambo wa skrini zinazomwonyesha rubani vipimo vyake, ndiyo ninayoishika kuliko mtambo mwingine wowote. Naipa nyota nne.

Nilichoipendea ni ilivyogawanywa. Zile skrini za inchi 10.4 ni uso tu. Hesabu nyingi zinafanywa na visanduku vilivyofichwa, kimoja cha vipimo vya hewa, kingine cha mkao wa ndege, kingine cha injini. Kikifa kimoja, unakichomoa, unachomeka kingine, unakipakia programu yake, basi. Skrini ikizimika angani, rubani anabonyeza kitufe chekundu na vipimo vya lazima vinahamia kwenye iliyobaki. Halafu kile cha mkao hakina jairo, lile gurudumu la kuzunguka kwa kasi la kupimia mkao. Jairo za zamani zilikuwa na beringi, na beringi na kiwanja cha changarawe ni paka na panya.

Nyota ya tano imeliwa na mazingira yetu. Feni za kupoza hazichagui hewa, zinavuta vumbi lile lile tunalopumua. Na chumvi, jamani! Fungua konekta ya antena kwenye ndege iliyozoea kulala Unguja: pini imeota kutu ya kijani. Ya bara ina vumbi kavu tu, unapuliza linatoka.

Kwa hiyo kifaa chochote, kiwe cha nani, mwombe muuzaji fomu ya DO-160 kabla hujatoa hela. Hizo ni taratibu za majaribio ya vifaa vya ndege za RTCA, shirika la viwango la Marekani, toleo la G likiwa la 2010, na kila jaribio lina herufi yake. Joto na mtikisiko nazipitia haraka; macho yangu yako sehemu ya 12, mchanga na vumbi, na ya 14, ukungu wa chumvi. Ukikuta X, jaribio hilo halikufanyika.

Majuzi mteja kaniletea saa ya akiba ya kielektroniki (kipimo cha rubani, si saa ya majira), jina naliacha. Bei poa, inang'aa kama simu mpya. Sehemu ya 12, X. Ya 14, X. Nikamuuliza ndege yake inalala wapi. Nje, akasema, kama mita mia hivi kutoka baharini. Nikamrudishia boksi lake bila kulifungua.