Kiingilio cha kumtazama mama wa mtu

Mwaka 2019 Royal Academy, jumba la sanaa la London, iliweka video za Bill Viola, msanii wa Kimarekani, pamoja na michoro ya Michelangelo, msanii wa Italia wa kale. Nilikwenda nikitoka zamu ya usiku. Kazi yangu ni kutunza wazee, na siku hiyo sikuwa na hamu ya kuona mzee mwingine, lakini tiketi nilishakata.

Kilichonikalisha ni video yake iitwayo Nantes Triptych, ya mwaka 1992. Skrini tatu: kushoto mwanamke anajifungua, katikati mtu na nguo zake anaelea majini, kulia mama mzazi wa Viola mwenyewe, hajitambui, yuko na mirija yake, anaelekea kukata roho. Karibu dakika 30. Sauti zinaingiliana, kilio cha uchungu, maji, pumzi. Pumzi ile naijua: inavutwa, inasita, unasema basi, inarudi. Nikajikuta nahesabu sekunde kama niko kazini. Watu wote walikuwa kwa mtoto anayetoka. Macho yangu hayakubanduka kulia.

Jioni nikampigia mdogo wangu Tanga.

"Dada, umeona nini huko?"

"Mama wa mtu anakata roho."

"Kwa kiingilio?"

"Kwa kiingilio."

"Astaghfirullahi."

Sikuwa na la kumjibu. Kwetu mgonjwa wa hali ile husitiriwa, hata jirani hapiti chumbani bila hodi. Yule mama nani alimwomba ruhusa? Lakini pia najua mwanawe alikuwa pale, karibu kabisa na kitanda. Wazee wangu wengi hawapati hilo.

Video yake nyingine mle, ya 2013, sina ugomvi nayo. Mzee wa kiume na wa kike, uchi, kila mmoja kwenye bamba lake la graniti nyeusi, wanajimulika mwili kwa tochi, taratibu. Kwanza niliinamisha macho. Halafu nikacheka kimoyomoyo: ndivyo ninavyowakagua mimi kila asubuhi, visigino, kiuno, chini ya titi, natafuta vidonda vya kulala. Tofauti ni kwamba hawa tochi wameishika wenyewe.

Viola alifariki Julai 2024, miaka 73, akiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Nantes Triptych ni mali ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, ila haionyeshwi kila siku. Ukiikuta, ingia. Usiende tu ukitoka zamu, na kama umezika karibuni, subiri.