EDS au WDS kwa mawe ya Kilembe?

Wenzangu mnaohangaika na mawe ya mgodi wa shaba wa Kilembe, kule Kasese, Uganda, hili swali haliishi: sampuli ikishaingia kwenye hadubini ya elektroni, elementi zipimwe kwa EDS au WDS? Zote zinasoma eksirei zinazotoka jiwe likipigwa na elektroni, tofauti iko kwenye usomaji: EDS inazipanga kwa nishati, WDS kwa urefu wa wimbi.

EDS ina haraka, inadaka nishati zote kwa mpigo, dakika moja tu ushajua hapa kuna salfa, chuma, shaba. Kwa kutambua madini mi naona inatosha kabisa.

Shida inakuja kwa kobalti, na pairaiti (madini ya chuma na salfa) ya Kilembe ndo inaibeba hiyo kobalti yenyewe. Kila elementi ina mistari yake, yaani nishati maalumu za eksirei zake: mstari wa K-alfa wa kobalti uko 6.93 keV (keV moja ni eV 1,000), K-beta wa chuma 7.06, na EDS uwezo wake wa kutenganisha ni kama 130 eV hivi, kwa hiyo chuma kinaimeza kobalti kidogo iliyopo halafu programu inakutajia namba kwa kujiamini, we usiipokee kichwakichwa. WDS inatumia kristali kuchagua wimbi moja moja, inashuka hadi kama 10 eV, kobalti inasimama karibu peke yake. Ila ni polepole, ghali, inataka mkondo mkubwa wa elektroni na sampuli iliyong'arishwa vizuri.

Mi ningetafuta punje kwa EDS, zile za pairaiti tu ndo ziende WDS. Na mkiipaka sampuli tabaka la kupitisha umeme, pakeni kaboni jamani, sio dhahabu, mstari wa dhahabu unakaa jirani na wa salfa.