The Grey Fox: Jambazi mzee anayestahili watazamaji wengi zaidi

Filamu ya The Grey Fox, iliyoongozwa na Mkanada Phillip Borsos na kutoka mwaka 1982, ilizoa tuzo saba za Genie huko kwao Kanada, ikiwamo ile ya filamu bora, kisha ikapotea machoni pa watu kiasi kwamba hata wapenzi wa kutupwa wa filamu za kaboi ninaokutana nao hapa Mwanza hawajawahi kuisikia. Sishangai sana. Katika vibanda umiza vya Mabatini na Igoma, kaboi ni yule anayefyatua bastola kabla adui hajamaliza kusema, na kanuni inayojulikana na kila mtoto ni kwamba stelingi hafi. Filamu hii inatuletea stelingi mwenye umri wa kuwa babu, mwenye masharubu meupe na adabu za mzee wa kanisa, anayesikiliza zaidi ya anavyosema, na ambaye bastola yake hulia kwa nadra. Hata hivyo naiweka miongoni mwa filamu bora kabisa za aina yake, na sababu yangu kubwa ni moja: sijaona filamu nyingine ya kaboi inayoutazama uzee kama suala la kazi, yaani mtu anafanya nini na mikono yake pale ujuzi alioutafuta ujana wake wote unapokuwa hauhitajiki tena.

Kisa chenyewe ni cha kweli kwa sehemu kubwa. Bill Miner aliishi kwa kupora magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi katika majimbo ya magharibi ya Marekani. Alijulikana kama mwizi muungwana, na inasimuliwa kuwa ndiye wa kwanza kuwaamuru watu "Mikono juu!", amri ambayo watoto wetu huitumia hadi leo katika michezo yao ya polisi na majambazi. Mwaka 1901 anatoka katika gereza la San Quentin, California, akiwa ametumikia, kwa hesabu ya filamu, miaka 33. Dunia anayoikuta ina umeme, ina simu, na magari ya farasi aliyokuwa akiyavizia njiani yamekwisha kumezwa na reli. Ndani ya treni inayomsafirisha, mchuuzi mmoja anamwonyesha mashine ndogo ya mkono ya kumenya matufaha. Mzee anaitazama inavyozunguka na ganda likitoka kwa utepe mrefu usiokatika, na usoni mwake kunapita furaha ya mtoto pamoja na fadhaa ya mtu aliyegundua kwamba mambo mengi yamefanyika bila yeye kuwepo. Tukio hilo ni fupi na halina uzito wowote katika hadithi, lakini kwangu limebeba nusu ya filamu.

Anakwenda kwa dada yake katika jimbo la Washington na kupewa kazi ya kuokota chaza kwenye matope ya ufukweni. Yeyote aliyewahi kuwatazama wanawake wa mwaloni wetu wa Kirumba wakiinama juu ya dagaa tangu alfajiri atauelewa mgongo wa mzee huyu bila maelezo. Kazi ni halali, ujira upo, na shemeji yake anaona angepaswa kushukuru. Miner hashukuru. Jioni moja anaingia mahali panapooneshwa sinema na kukuta The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter, filamu ya dakika kama 12 inayowaonesha majambazi wakipora treni, naye anatoka pale akiwa amekwisha kuamua. Hapa mwandishi amejitungia, kwa kuwa filamu ya Porter ilitoka Desemba 1903, ilhali Miner wa kweli alikuwa amekwisha kujaribu kupora treni huko Oregon mwezi Septemba mwaka huohuo. Sidhani kama kuna haja ya kumlaumu. Uongo huo unatupa mzee anayejifunza upya kazi yake kwa kutazama picha, na unaikumbusha sinema kwamba yenyewe pia ilizaliwa ikisifia wezi.

Mhusika huyu ameigizwa na Richard Farnsworth, na hapa ndipo panapostahili maneno mengi. Farnsworth alizaliwa mwaka 1920, na kwa takriban miaka 40 kazi yake katika filamu ilikuwa kupanda farasi, kuanguka na kuburutwa badala ya waigizaji ambao majina yao ndiyo yaliyoandikwa kwenye mabango. Alianza kupewa nafasi za maana akiwa mtu mzima sana, akapendekezwa kuwania Oscar kwa Comes a Horseman ya mwaka 1978, na The Grey Fox ikampa nafasi ya kuibeba filamu nzima akiwa na umri wa miaka 60 hivi. Matokeo yake ni kwamba uzee tunaouona haujaigizwa. Anapopanda farasi hafanyi mbwembwe yoyote. Anaweka mguu, anajivuta, anakaa, na farasi anatulia kwa sababu amemtambua mwenyewe. Anaposhika bastola, haizungushi kidoleni kama vijana wa filamu za kaboi za Kiitaliano, bali anaishika kama fundi anavyoshika chombo chake cha kazi, bila kukitazama. Sauti yake ni ya chini, macho yake ya samawati yanacheka kabla mdomo haujafunguka, na unapomwona akimwomba radhi mtu anayemwibia, unaamini kabisa kwamba anaomba radhi kwa dhati na kwamba ataondoka na hizo fedha.

Wengi waliokuja kumfahamu Farnsworth walimfahamu kupitia The Straight Story ya mwaka 1999, iliyompatia nafasi ya kuwania Oscar ya mwigizaji bora akiwa na miaka 79, miezi michache kabla ya kifo chake. Ni filamu nzuri. Lakini kama ningelazimishwa kuchagua moja, ningechagua hii ya jambazi, kwa kuwa humu wema wake una hila ndani yake.

Mwongozaji naye anastahili kutajwa kwa jambo ambalo wengi hulipita. Kabla ya hapo Borsos, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 30, alitengeneza filamu fupi za hali halisi kuhusu kazi za mikono na viwanda: Cooperage juu ya utengenezaji wa mapipa, na Nails, iliyoteuliwa kuwania Oscar, inayoanzia kwa mhunzi anayefua msumari kwa nyundo na kuishia kwenye mitambo inayoitapika misumari bila kuguswa na mtu. Ukishajua hilo, The Grey Fox inasomeka vizuri zaidi. Aliyetengeneza Nails ndiye aliyekuja kumtengeneza Bill Miner, na katika zote mbili anatazama kwa subira ileile namna kitu kinavyofanyika. Borsos alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 41 tu, jambo ambalo bila shaka limechangia jina lake kutosikika.

Niliitazama pamoja na mjomba wangu, mstaafu wa reli anayeishi Pasiansi, ambaye kwa kawaida hulala filamu ikifika katikati. Safari hii hakulala. Treni humu ni za mvuke wa kweli, zimepigwa picha katika milima na ukungu wa jimbo la British Columbia, na mjomba alikuwa akitaja kila kinachoguswa. Ilipofika sehemu ya uporaji wa kwanza huko Kanada, ule wa Septemba 1904 karibu na Silverdale, ambapo wezi hudhibiti kichwa cha treni kisha behewa la mizigo ya thamani likakatwa na kusogezwa mbele, mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, huyu mzee anaijua kazi. Angalia anavyosema na dereva, hamgombezi. Dereva ukimtia kiwewe, treni itasimama pasipo unapotaka wewe." Kwa mji ambao reli iliufikia mwaka 1928 na ambao umelea familia nyingi kwa mishahara ya stesheni na karakana, nadhani filamu hii ingepata watazamaji wengi kuliko wasambazaji wanavyodhani.

Mjomba huyohuyo, hata hivyo, alikataa katakata kumpenda Miner, na pingamizi lake nalichukulia kwa uzito. Sisi huku Usukumani hatuna utamaduni wa kumwonea mwizi huruma. Miaka ileile filamu hii ilipokuwa ikitengenezwa, wazee wa Shinyanga na Mwanza walikuwa wakiunda sungusungu kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, na aliyeibiwa mifugo yote usiku mmoja hawezi kuchekeshwa na uungwana wa aliyemwibia. Filamu ina jibu, ingawa hailitamki waziwazi. Miner haibi ng'ombe wa jirani. Anaiibia kampuni ya reli ya Canadian Pacific, ambayo wakulima wa eneo lile waliiona kuwa mnyonyaji wao, na hadi leo kuna utani unaosimuliwa huko kwamba Miner aliipora reli mara moja kwa miaka miwili, ilhali reli iliwapora wao kila siku. Ndiyo maana mji wa Kamloops unampokea alipojificha kwa jina la George Edwards, na hata askari wa hapo, Fernie, anakuwa rafiki yake. Mjomba alisema kampuni nayo ina wafanyakazi wanaokatwa mishahara ikipata hasara. Sikuwa na la kumjibu, na filamu pia haina.

Jackie Burroughs anaigiza kama Kate Flynn, mpiga picha asiyeolewa na asiyeomba ruhusa ya mtu kusema haki za wanawake. Mapenzi ya watu wazima hawa wawili, yeye na Miner, yameoneshwa kwa heshima ambayo ni adimu: hakuna anayejifanya kijana, hakuna anayechekwa kwa kupenda akiwa na mvi, na mazungumzo yao yana ule utulivu wa watu waliokwisha kupoteza vya kutosha. Lawama yangu ni kwamba yanakwenda mbio mno. Filamu nzima ina dakika 92, na ningetoa baadhi ya zile za mpelelezi wa shirika la Pinkerton, ambaye ni adui wa kawaida asiye na kipya, nikampa Kate. Shorty Dunn, mshirika wa Miner anayeigizwa na Wayne Robson, anachekesha na kusikitisha lakini hatumfahamu vya kutosha, na muziki, ingawa una ladha nzuri ya vyombo vya Kiayalandi vya kundi la The Chieftains, mara mojamoja unatuamuru tujisikie vizuri pale picha yenyewe ilikuwa imekwisha kutosha.

Jambo jingine linahusu namna ya kuitazama hapa kwetu. Haina tafsiri ya Kiswahili, na wazo la kuipeleka kwa watafsiri wanaosimulia filamu juu ya sauti halinipendezi hata kidogo, pamoja na kwamba nawaheshimu na nimecheka sana kwa kazi zao. Msimulizi wa kibanda kazi yake ni kujaza kila kimya kwa utani, na hapa kimya ndicho kilichofanyiwa kazi. Bora mwenye Kiingereza kidogo akae na mzee wake, amwelezee kwa ufupi kila baada ya tukio, kama nilivyofanya. Maneno ni machache, kwa hiyo haichoshi.

Historia inasema kwamba mwaka 1906 Miner na wenzake walipora treni karibu na Kamloops na kukosea behewa, wakaondoka na dola 15 na dawa za vidonge, kisha wakakamatwa siku chache baadaye wakiwa wanakula chakula cha mchana porini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akatoroka mwaka 1907, akarudi Marekani, akapora treni tena huko Georgia mwaka 1911, na kufia gerezani mwaka 1913. Filamu inamwacha akiwa ametoroka na haisemi habari za Georgia. Ninaelewa kwa nini, lakini ningeipenda zaidi kama ingekuwa na ujasiri wa kumfuata hadi huko, kwa kuwa mtu anayerudia kazi ileile mpaka mwisho ndiye hasa yule aliyeanza kuoneshwa pale kwenye matope ya chaza.

Anayeitafuta ahakikishe anapata nakala iliyosafishwa upya na kutolewa mwaka 2020. Katika nakala za zamani zinazozunguka mitandaoni, ukungu wa alfajiri na moshi wa treni vimegeuka kuwa tope moja la kijivu, na nusu ya kazi ya mpiga picha Frank Tidy haionekani.