Kozi ya wiki 10 ya kutetea imani: nzuri ila inatia chumvi

Nimemaliza kozi moja ya onlaini ya utetezi wa imani ya Kikristo, wenyewe wanaita apolojetiki, jina la kozi silitaji maana nina malalamiko na sitaki ugomvi na mtu. Nilijiunga kwa sababu nilichoka kumwambia kila anayeniuliza swali "we amini tu". 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, sasa mi nilikuwa tayari kubadilisha mada tu.

Wiki mbili za mwanzo ni historia, zinapita chap chap. Paulo pale Areopago, kilima cha Athene alipohojiana na wanafalsafa, Justino Shahidi anamwandikia Kaisari Antonino Pio kwamba watu wasihukumiwe kwa kuitwa Wakristo tu bila kosa, Origen, msomi wa kanisa la mwanzo, anamjibu Celsus, mpagani aliyeandika kuupinga Ukristo. Hata neno apologia kwa Kigiriki ni maneno ya mshtakiwa anapojitetea mbele ya baraza, hilo nililipenda.

Utamu uko wiki ya nne. Hoja inawekwa mstari kwa mstari: kila kilichoanza kuwepo kina chanzo, ulimwengu ulianza kuwepo, basi ulimwengu una chanzo. Nikawa nishaanza kushangilia, kumbe kazi ya nyumbani ni kuandika pingamizi kali kuliko yote dhidi ya hoja hiyohiyo, na uliandike hivi kwamba asiyeamini akisoma aseme naam, ndicho ninachosema. Nilikesha aisee. Mara ya kwanza niliandika "wao wanasema vitu vilijitokea tu", ikarudi na alama 3 kwa 10 na swali moja chini yake, nani kasema hivyo? Nikarudia. Ndo nikagundua lile swali la "na Mungu je, kaumbwa na nani" linajibika kirahisi, maana hoja inaongelea kilichoanza, sio kila kilichopo. Ugumu uko kwingine, kanuni tuliyoiona kwa vitu vilivyomo ndani ya ulimwengu, nani katupa ruhusa ya kuutwika ulimwengu mzima? Na hata ukikubaliwa, hujafika kwa Mungu wa Ibrahimu, umefika kwenye chanzo tu, bado safari. Alafu hoja yenyewe aliyeisuka vizuri ni Ghazali, Mwislamu aliyefariki 1111, kwa hiyo ukienda kumtambia nayo Mwislamu atakuitikia tu ndiyo, endelea.

Hiyo wiki peke yake imelipa kozi nzima.

Sasa wiki ya sita, ushahidi wa kihistoria, hapa ndo chumvi ilipomwagika. Walituwekea kile kifungu cha Josephus, mwanahistoria wa karne ya kwanza, kwenye kitabu cha 18 cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, kinachosema Yesu ndiye alikuwa Kristo, wakakisoma kama kilivyo bila neno lolote la ziada. Na mimi nikakibeba kama kilivyo hadi kwa mwenzangu kazini ambaye haamini, akanisikiliza vizuri tu, akatoa simu, akanionyesha kuwa wasomi wengi, na Wakristo wakiwemo, wanasema kuna mnakili Mkristo aliyeongeza maneno humo. Ukifikiria kidogo unaona, Josephus alikuwa Myahudi na Myahudi alibaki, angeandikaje hivyo? Nilitamani ardhi inimeze. Kinachoniuma ni kwamba hakukuwa na haja! Kitabu cha 20 cha huyohuyo kinamtaja Yakobo nduguye Yesu aitwaye Kristo, na hapo wengi hawana shida napo, na Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda kabisa Wakristo, anaandika kuwa Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Vyote viwili vipo kwenye kozi, ila mwishomwisho kabisa, kama nyongeza.

Na zile nakala za mkono zaidi ya 5,000 za Agano Jipya za Kigiriki wanazojivunia ni kweli zipo, ila hawasemi kuwa nyingi ni za karne ya 9 kuja huku. Si uongo, lakini anayejua ataona umemficha kitu, na baada ya hapo hata zile hoja zako nzuri anaziangalia kwa jicho la pembeni.

Wiki ya nane, mateso, video moja ya dakika 20 basi. Wanaeleza vizuri kwamba uwepo wa maovu haumaanishi moja kwa moja kuwa hakuna Mungu, sawa, ila aliyefiwa jana hakuulizi swali la mantiki, na kwa huyo hawana cha kusema.

Mengine ni ya kawaida, video zinapakuliwa, kwizi ni rahisi mno, wasaidizi wanajibu ndani ya siku moja au mbili. Nawapa nyota tatu na nusu, hiyo nusu ni ya yule aliyenipa 3 kwa 10. Ile ishu ya Josephus niliwaandikia, wakajibu asante sana mpendwa tutaifanyia kazi, leo nimechungulia tena, video ni ileile.