Uzoefu wangu na Moodle 4.5: ikishasimikwa haisumbui, kuisimika ndiyo jasho

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo: Moodle ni programu huria nzuri ya kuendeshea masomo mtandaoni, na ukitaka kuisakinisha, kodi VPS yako (seva pepe unayoisimamia mwenyewe) tangu siku ya kwanza. Nimeiweka kwenye seva za kushirikiana, ambako wateja wengi hukaa kwenye seva moja, na kwenye VPS. Toleo ninalolizungumzia ni 4.5, lile la kuhudumiwa kwa muda mrefu (LTS) lililotoka Oktoba 2024, ambalo marekebisho yake ya usalama yamepangwa kuendelea hadi Oktoba 2027. Vikwazo vingi nilivyokutana navyo havikuwa ndani ya Moodle yenyewe. Vilikuwa kwenye PHP (lugha ambayo Moodle imeandikwa nayo), kwenye hifadhidata, kwenye Nginx (programu inayopokea maombi ya vivinjari) na kwenye umiliki wa mafaili. Ukurasa wake wa ukaguzi hukuonyesha kwa rangi nyekundu kitu gani kinakosekana, ila haukwambii kinakaa wapi.

Mfano unaokera kuliko yote ni max_input_vars, kikomo cha idadi ya vigezo ambavyo PHP hupokea kwa mkupuo. Moodle inataka 5000, PHP huja na 1000. Sababu yake ni ya msingi: fomu kubwa za ruhusa na za alama hutuma vigezo vingi kwa mkupuo, na vikizidi kikomo PHP hukata vilivyobaki, kwa hiyo unahifadhi ukurasa nusu ukidhani umehifadhi wote. Basi unafungua php.ini (faili la mipangilio ya PHP), unaandika 5000, unarudi kwenye ukaguzi, mstari bado mwekundu. Kwenye Ubuntu 24.04 php.ini si moja. Amri unazoandika kwenye terminali husoma /etc/php/8.3/cli/php.ini, na kurasa zinazoitwa na kivinjari husoma /etc/php/8.3/fpm/php.ini. Ukitumia Apache badala ya Nginx, na mod_php (PHP inayoendeshwa ndani ya Apache), kuna ya tatu kwenye folda ya apache2. Badilisha ya cli na ile ya wavuti, kisha:

systemctl restart php8.3-fpm

Usipoanzisha upya FPM (huduma inayoendesha PHP kwa ajili ya wavuti), mabadiliko hayasomwi. Kujua faili ipi inasomwa, andika php --ini kwa upande wa terminali, na kwa upande wa wavuti weka ukurasa wa phpinfo, usome mstari wa Loaded Configuration File, halafu uufute ukurasa huo. Usiuache hewani.

Kwenye seva ya kushirikiana hizo folda huzigusi. Ni sawa na chumba cha kupanga ambacho mita ya umeme iko kwa mwenye nyumba. Wengi hukimbilia kuandika php_value max_input_vars 5000 ndani ya .htaccess (faili la mipangilio ya Apache), na PHP ikiwa inaendeshwa kwa FPM, tovuti nzima hujibu kwa kosa la 500. Mahali pake ni faili la .user.ini kwenye folda ya tovuti. Hapo kuna mtego wa pili: PHP huhifadhi kumbukumbu ya faili hilo kwa sekunde 300, kwa hiyo mabadiliko yanaweza kuchukua dakika tano kuonekana. Mtu anaburudisha ukurasa mara kumi ndani ya dakika moja, anaona haikufanya kazi, anafuta alichoandika, na kumbe alikuwa sahihi. Tena .user.ini haisomwi na amri za terminali, kwa hiyo usakinishaji wa kwa amri utaendelea kulalamika hata kama ukurasa wa wavuti umetulia.

Kabla hujalipia nafasi ya kushirikiana, waulize wenye huduma maswali haya kwa maandishi: PHP yenu ni 8.1 hadi 8.3? Viendelezi vya intl, sodium, zip, gd na soap vipo? Hifadhidata ya MariaDB ni 10.6.7 au zaidi, au MySQL ni 8.0? Naruhusiwa kuunda folda nje ya public_html (folda ya tovuti)? Cron (kiendesha amri kwa ratiba) inaruhusiwa kila dakika? Kikomo cha idadi ya mafaili ni ngapi? Hili la mwisho watu hulisahau. Unaweza kuwa na gigabaiti za kutosha na bado ukakwama, kwa kuwa msimbo wa Moodle pekee una makumi ya maelfu ya mafaili madogo. Na kwa sababu hiyohiyo usiipakie kwa FTP faili moja moja. Muunganisho ukikatika katikati yatakosekana mafaili machache usiyoyajua, na kosa litajitokeza wiki mbili baadaye mwalimu akifungua kipengele fulani. Pakia zipu moja, ifungulie kulekule kwenye seva.

Kwenye VPS mambo yananyooka. RAM isiwe chini ya gigabaiti 1, na hapo ongeza swapu (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) ya gigabaiti 2, maana kumbukumbu ikiisha Linux huua mchakato mkubwa, na mara nyingi mkubwa huyo ni MariaDB. Wewe unaona tu kwamba tovuti haiwezi kuunganishwa na hifadhidata. Vifurushi vya Ubuntu 24.04 ni hivi:

apt install nginx mariadb-server git php8.3-fpm php8.3-cli php8.3-mysql php8.3-curl php8.3-gd php8.3-intl php8.3-mbstring php8.3-soap php8.3-xml php8.3-zip

Hifadhidata iunde kwa utf8mb4 na utf8mb4_unicode_ci. Kisha:

cd /var/www
git clone --depth 1 -b MOODLE_405_STABLE https://github.com/moodle/moodle.git
mkdir /var/moodledata
chown www-data:www-data /var/moodledata
chmod 770 /var/moodledata
chown www-data /var/www/moodle

Folda ya moodledata ndimo zinamokaa kazi za wanafunzi na kila kilichopakiwa. Isiwe ndani ya folda ya tovuti hata kidogo, la sivyo mtu wa nje anaweza kuyafikia mafaili kwa anwani ya kivinjari tu. Amri ya mwisho inampa www-data (mtumiaji wa seva anayeendesha kurasa za wavuti) folda ya juu pekee, ili kisakinishi kiweze kuandika config.php, faili la mipangilio ya Moodle. Ukimaliza usakinishaji, irudishe kwa root (msimamizi mkuu wa seva):

chown root /var/www/moodle
chown root:www-data /var/www/moodle/config.php
chmod 640 /var/www/moodle/config.php

Usakinishaji wenyewe ufanye kwa terminali, usitumie kivinjari. Moodle huunda mamia ya majedwali, na Nginx kwa kawaida husubiri PHP sekunde 60 tu kabla ya kutoa kosa la 504. Kazi ikikatika hapo, hifadhidata inabaki nusu, na ukijaribu tena kwa amri utaambiwa majedwali yapo tayari, haiwezi kuendelea. Dawa ni kufuta hifadhidata yote na kuanza upya. Ukiwa ndani ya /var/www/moodle:

sudo -u www-data php admin/cli/install.php

Inauliza swali baada ya swali. Aina ya hifadhidata andika mariadb kama unatumia MariaDB. Ukiandika mysqli kwa mazoea, ukaguzi utakutaka urekebishe dbtype ndani ya config.php. Ukipendelea kupitisha nywila moja kwa moja kwenye amri na ina alama ya $, izungushie alama moja moja za kunukuu ('), vinginevyo terminali itaimeza sehemu yake na utapewa kosa la nywila ambayo una hakika nayo.

Anwani ya wwwroot, yaani anwani kuu ya tovuti, iandike kama itakavyobaki: https, pamoja na www au bila www, chagua moja. Kama kuna huduma ya kinga inayokaa mbele ya seva na kumalizia usimbaji huko nje, seva yako itapokea maombi ya http, Moodle itayaelekeza kwenye https, yatarudi tena kama http, na kivinjari kitalia kwamba uelekezaji hauishi. Hapo ndipo $CFG->sslproxy = true; inapohitajika ndani ya config.php. Usiiweke kama huna huduma ya namna hiyo.

Sasa Nginx, ambayo imewatoa wengi machozi. Ukurasa unafunguka lakini uko uchi: maandishi meusi, viungo vya bluu, hakuna mpangilio wowote. Moodle huita mitindo yake kwa anwani za namna ya styles.php/boost/..., yaani kuna njia inayoendelea baada ya .php. Mpangilio wa kawaida wa Nginx hukamata anwani zinazoishia na .php tu. Badilisha mstari wa location uwe:

location ~ [^/]\.php(/|$)

na uhakikishe fastcgi_split_path_info na PATH_INFO zimewekwa. Hapohapo ongeza client_max_body_size, maana kiwango chake cha kuanzia ni megabaiti 1, na mwalimu akipakia PDF ya megabaiti 3 atapata kosa la 413. Kumbuka pia upload_max_filesize (2M) na post_max_size (8M) kwenye PHP. Kiwango kidogo kuliko vyote ndicho kinachoshinda.

Cron iende kila dakika, chini ya www-data. Mstari wa kwanza ni amri, wa pili uandike ndani ya faili litakalofunguka:

crontab -u www-data -e
* * * * * /usr/bin/php /var/www/moodle/admin/cli/cron.php >/dev/null

Bila cron tovuti inaonekana nzima, ila barua pepe za majukwaa ya majadiliano haziendi. Ukiiweka kwa root ni balaa jingine. Mafaili ya root yanaanza kuzaliwa ndani ya moodledata, kisha siku moja tovuti inagoma kwa ujumbe wa Invalid permissions detected when trying to create a directory. Ukiuona, chown -R www-data:www-data /var/moodledata, halafu hamisha cron. Kwa barua pepe, watoa VPS wengi huzuia bandari 25, kwa hiyo tumia SMTP (huduma ya kutuma barua pepe) yenye nywila kwenye bandari 587 na ujaribu kutuma moja kabla hujasajili wanafunzi.

Anayefikiria 5.1 badala ya 4.5 ajue kwamba huko kurasa za wavuti zimehamishiwa kwenye folda ya public, na mstari wa root kwenye Nginx sharti uelekee humo. Maelekezo ya zamani yanayoishia /var/www/moodle hayatafaa.

Kuna pakiti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha. Inapakuliwa moja kwa moja hadi kwenye moodledata, kwa hiyo ikigoma kupakuliwa, tazama kwanza umiliki wa folda hiyo. Haijakamilika, na menyu zitachanganyika na Kiingereza, lakini maneno yaliyokosekana unaweza kuyajaza mwenyewe humohumo kwenye mipangilio ya lugha bila kugusa msimbo.