Beringi ya juu ya mlingoti: nilitaka kuipa nyota moja

Jamani ngojeni nitoe la moyoni. Nilinunua beringi ya kukaa juu ya mnara, ile inayoushika mlingoti wa antena ili upepo ukisukuma, nguvu ya pembeni iishie kwenye chuma cha mnara isishuke kwenye mota ya kuzungushia. Mota ikiachiwa kazi yote peke yake huko chini gia haziwezi kukaa salama. Hilo nalijua, ndo mana nikanunua.

Fundi wa muuzaji akaja akafunga fastafasta akaondoka. Mwanzoni poa. Baada ya muda antena ikifika upande fulani mota inanguruma tu haiendi, ukirudisha inakubali, ukipeleka tena inagoma palepale. Nikampigia muuzaji, unajua kanijibu nini? "Mota yako ndo ndogo, nunua kubwa." Akakata simu. Nunua kubwa! Hata hajauliza inagomea wapi!

Nikapanda mwenyewe, na mkanda wa usalama maana kule juu si pa mchezo, nikalegeza klampu ya mota nikauzungusha mlingoti kwa mkono. Ukakaza palepale. Kumbe mota ya watu haina kosa! Kushusha timazi, katikati ya beringi na katikati ya mota vimepishana upana wa kidole, halafu zile bolti tatu zinazoubana mlingoti kakaza moja mpaka mwisho, mbili zinagusa tu, yaani mlingoti umekaa upande na kila ukizunguka unalazimishwa upinde. Sasa hapo beringi imepunguza mzigo au imeongeza?

Nikaisogeza mota hadi ikafuata timazi, nikaweka vipande vya bati chini yake ikae sawa, zile bolti nikakaza kidogokidogo kwa zamu, zote tatu sawasawa. Mlingoti sasa unauzungusha kwa mkono mmoja mduara mzima, mota haisikiki kabisa.

Kwa hiyo beringi yenyewe nzuri, nyota nne. Ila kwenye boksi hamna hata karatasi ya maelekezo, basi tatu. Na nikikumbuka ile "nunua kubwa" damu inachemka, ziwe mbili. Usiku wa jana upepo umevuma hadi asubuhi nami nimelala fofofo, haya, tatu tena. Beringi nabaki nayo, hela ya ufundi nirudishiwe.