Maabara iliyopima bati ndani ya samaki wangu: kazi safi, ripoti ya kunitoa jasho

Vizimba vyangu viko jirani na gati la kukarabatia boti, na kwa miaka mingi hilo halikuninyima usingizi. Kisha mnunuzi mmoja akaniuliza: hawa samaki wako wanakusanya oganotini mwilini, yaani ile misombo ya bati iliyoungana na kaboni? Sikuwa na jibu, nikatafuta maabara.

Mapokezi yao nayasifu. Kabla sijavua hata samaki mmoja walinitumia chupa za kioo pamoja na onyo: sampuli isiguse PVC, kwa kuwa plastiki hiyo yenyewe mara nyingi hutiwa misombo ya bati ili istahimili joto. Tena walitaka ini na mnofu kila kimoja kwenye chupa yake. Nilidhani ni usumbufu tu, kumbe ini ndilo lililobeba mzigo mkubwa. Kama ningemsaga samaki mzima nisingeliona hilo.

Walipima tributiltini, ile ya rangi za kuzuia viumbe wasing'ang'anie chini ya boti, pamoja na dibutiltini na monobutiltini zinazobaki inapovunjika. Wakaongeza na trifeniltini, oganotini nyingine ambayo wengine huiruka ilhali ndiyo inayojulikana zaidi kwa kupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe anayemla. Mtu atasema rangi hizo si zilipigwa marufuku? Ndiyo. Ufaransa ilizizuia kwa boti ndogo mwaka 1982, baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kuharibika, na mkataba wa dunia nzima ukaanza kufanya kazi 2008. Lakini kilichozama kwenye matope hakikusoma mkataba.

Sasa ripoti. Kurasa zimepangwa vizuri, majedwali yanapendeza, ila hakuna mahali palipoandikwa kama namba ni za uzito wa bati pekee lililomo au wa tributiltini nzima. Si jambo dogo! Kumi ikihesabiwa kwa bati ni zaidi ya 24 ikihesabiwa kwa tributiltini. Hata kiwango cha juu cha kula bila wasiwasi ambacho wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walikiweka mwaka 2004, mikrogramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito wa mlaji kwa siku, kikihesabiwa kwa bati kinashuka hadi 0.1. Nilipiga simu mara tatu. Aliyenijibu mara ya tatu ndiye aliyejua, na alikuwa muungwana.

La pili lilinikera zaidi. Walichukua kiwango cha ndani ya samaki, wakakigawa kwa kiwango cha kwenye chupa moja ya maji, wakakiita kipimo cha mkusanyiko kutoka majini. Samaki wangu wanakula jamani, kwa hiyo huipata kwenye chakula pia, na maji ya gatini hubadilika kila bamvua na maji mafu! Kipimo chenyewe hufanywa kwenye matangi: kiwango cha kemikali majini hakibadilishwi, mara nyingi kwa siku 28, kisha samaki huhamishiwa maji safi ionekane wanaitoa kwa kasi gani. Hapo ndipo unaweza kulinganisha na mpaka wa mara 2000 au 5000 ya kiwango cha majini, wanaoutumia Ulaya kusema kemikali inajikusanya mwilini au inajikusanya mno. Namba yangu ilistahili jina jingine.

Halafu wakairekebisha kwa kiasi cha mafuta ya samaki, kana kwamba ni kemikali ya kujificha kwenye mafuta tu. Oganotini hushikamana na protini pia. Niliwaomba namba ghafi, wakanipa siku hiyohiyo bila kinyongo.

Kwa upimaji wenyewe nawapa nyota tano. Kwa tafsiri, mbili. Ukitaka namba unazoweza kuziamini, nenda. Ukitaka mtu wa kukwambia zina maana gani, tafuta mwingine.

Juzi nimewapelekea matope ya chini ya vizimba. Kwenye fomu, juu kabisa, nimeandika kwa wino mwekundu: “Bati pekee, au tributiltini nzima?”